Mikono Isiyovimba ya Mwaka Tisini na Tano

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Kasulo, na ninyi mliosafiri kutoka Runazi, Biharamulo mjini na Mwanza, familia ya marehemu Mzee Frednand Minani inawashukuru kwa kuwa hapa leo, Jumatatu tarehe 12 Mei 2008, na imempa Protasi, mdogo wa mwisho wa marehemu Kalista, kazi ya kuyasoma maisha ya dada yake kabla hajafunikwa udongo. Protasi aliyaandika kwa siku mbili, wazee wakayapitia, wakamwomba apunguze baadhi ya maneno, naye amepunguza machache.

Kalista Minani alizaliwa tarehe 12 Agosti 1960 hapa hapa Kasulo, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Frednand na Mama Domisiana, wakulima wa migomba na maharage, akabatizwa mwezi uliofuata, na tangu alipoanza kutembea mama yake alimjua kuwa ni mtoto wa kufungua vitu, kwa maana kuku akichinjwa yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipasua firigisi ili aone kuku alikula nini, akachapwa kwa hilo, na siku nyingine akaipasua tena.

Alisoma shule ya msingi hapa Kasulo kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana Bukoba, akiwa msichana pekee wa kijiji hiki mwaka ule, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978, na kuanzia Januari 1979 hadi Novemba 1981 alisomea kazi ya maabara mjini Mwanza, akarudi na cheti, koti jeupe moja na mazoea ya kuandika kila alichokiona katika madaftari ya shule ya kurasa themanini, mazoea ambayo hakuyaacha mpaka vidole vyake vilipokataa kushika kalamu.

Alianza kazi tarehe 1 Machi 1982 katika zahanati moja ya Runazi, wilaya ya Biharamulo, ambako hapakuwa na umeme, akapima damu, choo na makohozi kwa darubini ya kioo kinachochukua mwanga wa jua, na siku za mawingu aliihamishia meza yake mlangoni, wagonjwa wakamzoea hapo, wakiingia na kutoka kwa kumpitia, yeye ameinama, anawaitikia bila kuinua kichwa.

Tarehe 27 Septemba 1986 alifunga ndoa na Bwana Gervasi, karani wa wakala wa forodha pale Rusumo, ndoa ambayo kwa miaka minne haikupata mtoto, na maneno yaliyosemwa katika miaka hiyo minne wengine wetu tunayakumbuka vizuri pamoja na walioyasema, mpaka tarehe 3 Februari 1991 alipozaliwa Francisca, mtoto wao wa pekee, mweusi wa kung'aa kama babu yake, mwenye sauti nzito kuliko umri wake. Januari 1994 Mama Domisiana alipata kiharusi, Kalista akaomba likizo bila malipo, akaja na Francisca kukaa hapa nyumbani amuuguze mama, na ndiyo sababu alikuwa Kasulo mwezi Aprili mwaka ule.

Yaliyotokea Aprili hamhitaji kusomewa, kwa kuwa wote mliokuwepo mliona watu robo milioni kutoka Rwanda wakivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja na kutua kwenye vilima vyetu, na kabla ya mvua kwisha miti ilikuwa imekwisha, mihogo imeng'olewa, na turubai za bluu zimefika hadi macho yanapoishia. Mpaka ukafungwa, Bwana Gervasi akakosa kazi, na tarehe 13 Juni 1994 Kalista akaajiriwa na shirika moja la misaada kuwa mpimaji katika maabara ya kliniki ya kambi ya wakimbizi, ndani ya hema, akiwa na darubini mbili za umeme wa jenereta na msaidizi mmoja wa kuosha vioo. Msaidizi huyo aliitwa Evaristi, Mrundi aliyekuwa daktari Bujumbura kabla hajakimbia, ambaye kwa sheria za ukimbizi hakuruhusiwa kutibu mtu, kwa hiyo alivaa glavu za mpira na kuosha vioo vya wenzake, na alikuwa akiviosha vizuri.

Ni lazima hapa kieleweke kipimo kimoja, kwa sababu maisha ya marehemu yalikatika katikati juu ya kipimo hicho. Mtoto mdogo anayekohoa kwa wiki nyingi na kukonda hawezi kutoa makohozi, kwa hiyo huchomwa sindano ndogo chini ya ngozi ya mkono, akarudi siku ya tatu, na mahali palipochomwa pakivimba na kuwa pagumu, hiyo ni ishara kwamba askari wa mwili wake wamewahi kukutana na vimelea vya kifua kikuu na wanavikumbuka, na pasipovimba huandikwa hasi. Utaratibu wa kliniki ile ulikuwa kwamba aliyeandikwa hasi haanzishiwi dawa, kwa kuwa dawa zilikuwa chache na watu hawana idadi, na mkuu wa kliniki, mgeni kutoka mbali aliyejifunza Kiswahili upesi na kukisema vizuri, hakutaka ubishi juu ya utaratibu.

Januari 1995 ugonjwa wa kuhara damu ulitoka kambini ukaingia kwenye visima vyetu, Francisca akaupata, akapona, akaupata tena, akapungua mpaka mbavu zake zikahesabika kwa mbali, na mwezi Machi akaanza kukohoa. Kalista alimpeleka kambini alikofanya kazi, kwa kuwa hapakuwa na mahali bora zaidi wilaya nzima, akamchoma sindano yeye mwenyewe, na siku ya tatu, tarehe 23 Machi 1995, akauweka mkono wa mwanawe mezani, akapima kwa rula, akapata sifuri, akaandika hasi, akatia sahihi. Bwana Gervasi aliyekuwa amembeba mtoto alimuuliza, "Una hakika?" naye akajibu, "Kipimo ndicho kinachosema." Wakapewa dawa ya minyoo na pakiti mbili za unga wa lishe. Francisca alifariki Jumapili tarehe 2 Aprili 1995, asubuhi, akiwa na miaka minne na miezi miwili, na kaburi lake ndilo hilo mnaloliona kushoto kwa hili lililochimbwa.

Siku mbili kabla ya kifo, kwa wasiwasi wake, Kalista alikuwa amepitisha mpira mwembamba puani mwa mtoto na kuvuta maji ya tumboni, kwa sababu mtoto humeza makohozi yake, akayapaka kwenye kioo, akakitia rangi, kisha mtoto akazidiwa na kioo kikabaki katika kisanduku. Jumatatu tarehe 10 Aprili alirudi kazini na kabla hajavua kanga ya matanga alikiweka kioo kile chini ya darubini, akapekua uwanja wa bluu kwa muda mrefu, mstari kwa mstari kama alivyofundishwa, na alipofika karibu na ukingo akaona vijiti vitatu vyekundu vimelala pamoja. Evaristi aliyekuwa pembeni anasema alichukua kitabu cha majibu, akarudi kurasa nyuma mpaka tarehe 23 Machi, akaitazama sahihi yake.

Alikibeba kioo kwa mkuu wa kliniki. Mkuu alitazama, akatazama tena, akasema, "Mkono haukuvimba."

"Haukuvimba, daktari. Lakini vimelea ni hivi hapa."

"Vijiti vitatu. Hata maji ya tangi tunayooshea vioo yana vijiti vya namna hii. Mkono hausemi uongo, Kalista. Nenda nyumbani, umefiwa."

Hakwenda nyumbani, alirudi kwenye hema la maabara, na hapo ndipo Evaristi, ambaye kwa miezi kumi hakuwahi kusema jambo la udaktari mbele ya mtu, aliweka chini kioo alichokuwa anaosha. "Mama Francisca," alisema, "nitakueleza kitu nilichofundishwa, na kingine ambacho sikufundishwa, uvitenge." Akamweleza kwamba kila seli ya mwili huchagua ndani yake vitu vilivyochakaa, huvifunga katika kifuko kidogo, huvimeng'enya, na vipande vyake huvitumia kujengea vitu vipya, kazi ambayo hufanyika kila siku hata kwa mtu aliyeshiba, na njaa ikiingia kazi hiyo huongezeka, kwa sababu seli isiyoletewa chakula hujila yenyewe ili iishi. Njaa ya siku chache huifaa, inasafisha. Njaa ya miezi huimaliza, kwa kuwa takataka zikiisha seli huanza kuvila vitu inavyovihitaji.

"Hayo nilifundishwa," alisema. "Ambalo sikufundishwa ni hili: askari wa mwili nao ni seli. Nao wana njaa. Mkono ule haukukaa kimya kwa kukosa adui. Nafikiri ulikaa kimya kwa sababu askari walikuwa wamekwisha kujila, hawana cha kuvimbia."

Kalista aliuliza, "Unafikiri au unajua?"

"Nafikiri."

"Basi tupime," alisema.

Ndugu zetu, marehemu hakuwa daktari, alikuwa na cheti cha miaka mitatu na mtoto aliye kaburini wiki mbili, lakini alichokifanya kuanzia tarehe 17 Aprili 1995 alikifanya kwa utaratibu kuliko waliompita vyeo. Alikwenda kwenye hema la lishe akachagua watoto kumi na wanne wanaokohoa, waliodhoofu kupita kiasi, ambao mikono yao yote ilikuwa imeandikwa hasi, akaomba ruhusa kwa mama zao mmoja mmoja, na mama mmoja mkimbizi aitwaye Restuta, alipoelezwa kwamba mtoto atachomwa tena, alimwambia, "Wangu ni mifupa mitupu, dada, choma unapopaona." Mpango ulikuwa kuwalisha kwanza, uji na maziwa kila baada ya saa tatu, kisha kuwachoma upya baada ya wiki tano, na kama Evaristi alifikiri sawa, baadhi ya mikono iliyokuwa kimya ingeamka.

Watano kati yao hawakuonekana kama wangefika wiki ya tano. Kalista alikwenda stoo ya dawa kwa Muksini, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa Biharamulo mjini ambao mababu zao walitoka pwani, akamwambia anachokitaka.

"Dada Kalista," alisema Muksini, "nikitoa bila karatasi ya mkuu, kazi sina."

"Najua. Hata mimi sitakuwa nayo."

"Za wangapi?"

"Watano."

Muksini alifungua kabati, akatoa, akafunga, na hakumwomba aandike popote.

Wawili kati ya wale watano walifariki kabla ya wiki mbili, dawa ziliwakuta wamekwenda mbali, na Kalista aliyaandika majina yao katika daftari pamoja na ya wengine, hakuwaruka. Walibaki kumi na wawili. Tarehe 22 Mei aliwachoma wote, na tarehe 25 akawapima kwa rula ile ile, na mikono tisa ilikuwa imevimba, mingine milimita kumi, mingine kumi na tano, migumu, myekundu, mikono ambayo wiki tano kabla haikuwa na alama hata ya mbu. Mitatu ilibaki bapa. Juu ya hiyo mitatu aliandika, "Sijui," akaacha nafasi chini yake.

Protasi alikuwa hapa nyumbani siku hiyo na anaikumbuka, kwa kuwa dada yake alirudi, akakaa kwenye kaburi la Francisca, akamwambia mdogo wake maneno haya: "Tisa. Kwa hiyo na wa kwangu." Hakuwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo. Alikuwa amethibitisha kwamba mwanawe angeweza kupona, na kwamba karatasi iliyomzuia ilikuwa na sahihi yake.

Aliwaanzishia dawa, kwa mkono wa Muksini tena, wote ambao hawakuwa wamezianza, akalipeleka daftari kwa mkuu wa kliniki, likakaa mezani kwake Juni yote na Julai yote, na kila alipouliza aliambiwa litasomwa. Katikati ya Agosti upungufu wa dawa stoo ukaonekana, na Jumatatu tarehe 21 Agosti 1995 Kalista na Muksini walipewa barua za kuachishwa kazi, yake ikisema ametumia sindano na dawa za shirika kwa majaribio binafsi juu ya watoto. Alipodai daftari lake, mkuu alimwambia kwamba hilo ni mali ya shirika.

"Basi lisome," alisema Kalista, akatoka.

Yapo mambo yaliyosemwa hapa Kasulo mwezi ule ambayo wazee walitaka yapunguzwe, lakini hili Protasi amekataa kulipunguza: ilisemwa kwamba Kalista aliwapa watoto wa wakimbizi dawa alizomnyima wa kwake, ikasemwa kisimani, ikasemwa nje ya kanisa baada ya misa, na mama yake aliyekuwa kitandani na mdomo uliopinda akayasikia kupitia dirisha. Walioyasema baadhi yao wamekalia viti vya mbele leo.

Alirudi Runazi Oktoba 1995, zahanati ikampokea kwa cheo cha chini ya kile alichokiacha, na mwezi Machi 1996 mganga wa zahanati akabandika ukutani waraka mpya wa matibabu ya kifua kikuu kwa maeneo ya wakimbizi, ambao aya yake ya sita ilisema imebainika kwamba mtoto aliyedhoofu sana mkono wake unaweza usivimbe ingawa anaugua, na kwamba apewe lishe na kupimwa tena baada ya wiki tano. Wiki tano. Kalista aliusoma akiwa amesimama na kikapu cha vioo mkononi, akamuuliza mganga, "Imebainika na nani?"

"Waraka hauandiki mambo hayo, dada," alijibu mganga, naye hakuwa na kosa, hakujua.

Juni mwaka huo huo Bwana Gervasi alikwenda Runazi, wakaketi uani, akamwambia, "Mimi sikulaumu kwa kifo, Mama Francisca. Kifo ni cha Mungu. Ile sahihi ndiyo siwezi." Kalista alimjibu kwamba hata yeye hawezi. Hapo ndoa yao ikaisha bila kwenda kwa padri wala hakimu, naye akarudi Rusumo kwa maisha mengine, na kwa miaka kumi na miwili iliyofuata marehemu alipika chungu kidogo.

Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, kambi ikabaki mashimo na visiki, wale watoto kumi na wawili wakaenda na mama zao bila yeyote kujua kama walimaliza dawa zao au la, na Evaristi kama Mrundi alihamishiwa kambi nyingine hapa Ngara, akakaa huko miaka saba akiosha vioo, hadi mwaka 2004 aliporudi Bujumbura na kupewa kazi ya kufundisha. Ndiye aliyemletea Kalista, mwezi Oktoba 2005, kwa mkono wa dereva wa lori, bahasha yenye kurasa kumi na mbili zilizotolewa nakala, na pembeni ya kila ukurasa ameandika maelezo kwa Kiswahili kwa kalamu ya risasi.

Kurasa zile zilieleza kwamba vile vifuko vya seli vya kumeng'enyea vitu vilivyochakaa ndivyo pia askari wa mwili wanavyovitumia dhidi ya vimelea vya kifua kikuu, kwamba askari akishakimeza kimelea, nacho kikajificha ndani yake, kazi ile ya seli kujirejeleza ikiamshwa kimelea hufungwa katika kifuko na kuyeyushwa, na kwamba vipande vinavyotoka katika vifuko vya namna hiyo huweza kupandishwa hadi kwenye ngozi ya seli ili askari wengine wavione na kumjua adui. Mwisho wa ukurasa wa kumi na mbili Evaristi aliandika, "Nilichokuwa nafikiri, wengine wameanza kukijua." Kalista aliisoma bahasha ile mwezi mzima, akainakili yote katika daftari, na chini akaandika kwa mwandiko wake kwamba kazi hiyo ilifanyika kwenye seli ndani ya vyombo, si kwa watoto wenye njaa, kwa hiyo haithibitishi chochote juu ya mkono wa tarehe 23 Machi. Angeweza kuandika vinginevyo, na hakuna ambaye angembishia.

Mwezi uliofuata aliliandikia shirika makao yake makuu, kwa adabu, akiomba daftari lake au hata nakala, akajibiwa Februari 2006 kwa barua ya mistari minne kwamba kumbukumbu za kambi ziliteketezwa ilipofungwa, na kwamba wanamtakia heri.

Ugonjwa wake ulianza Julai 2006 kwa vidole kuvimba asubuhi, kisha magoti, kisha wekundu uliotanda mashavuni na juu ya pua, nywele zikadondoka, homa zikawa haziishi, na kabla hajapimwa na yeyote watu wa Runazi walikuwa wamekwisha kumpima, wakasema ni ukimwi, wakasema ndiyo sababu mume alikimbia, kikombe chake pale zahanati kikawekwa peke yake dirishani na watu aliowapima damu kwa zaidi ya miaka ishirini. Yeye mwenyewe alijipima mara tatu, akaandika majibu kwenye daftari, hasi, hasi, hasi, na hakumwonyesha mtu, kwa kuwa alisema hajui tena watu wanaliamini neno hilo kwa sababu gani.

Agosti 2007 Protasi alimpeleka hospitali ya rufaa Mwanza, ambako daktari mwanamke, kijana, Daktari Swabaha, aligundua kwamba kinga ya mwili wake ilikuwa imeugeukia mwili wenyewe na imefika kwenye figo. Daktari huyo hakumjua mgonjwa wake ni nani, akamweleza polepole kama anavyowaeleza wote, kwamba chanzo hakijajulikana chote, lakini wapo wanaofikiri kwamba seli zinaposhindwa kusafisha na kurejeleza mabaki yao, mabaki hayo huzagaa, askari wakayaona, wakadhani ni adui, wakaanza kupiga. Kalista alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama ni vifuko vilevile. Daktari Swabaha aliacha kuandika.

"Mama, umesomea wapi hayo?"

"Kasulo," alijibu. Kisha akamwambia, "Askari wa wale watoto wangu walikaa kimya, daktari, nikadhani kimya ndicho kibaya tu. Kumbe na kelele."

Kuanzia siku hiyo daktari alikuwa akikaa naye dakika chache kila alipomaliza mzunguko wa wodi, akimsomea mapya yaliyoandikwa, naye akibisha pale asipokubali, na Protasi anashuhudia kwamba miezi ile, akiwa amevimba uso na hawezi kushika kijiko, ndiyo pekee tangu mwaka 1995 ambayo dada yake alizungumza kazi yake na mtu aliyemwamini. Ilikuwa miezi tisa. Figo zilishindwa kabisa mwezi Aprili, na Kalista Minani alifariki dunia Ijumaa tarehe 9 Mei 2008, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba na miezi minane.

Familia inamshukuru Daktari Swabaha na wauguzi wa wodi yake, ambao walimwita kwa jina. Inamshukuru Bwana Muksini, aliyefunga duka lake Biharamulo akawahi kuliko ndugu wengi, na ambaye kwa barua ile hakuajiriwa tena na ofisi yoyote, wala hakuwahi kumlaumu marehemu. Inamshukuru Daktari Evaristi, aliyevuka mpaka jana na amesimama pale uani. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa Runazi kwa jeneza, na ingewashukuru zaidi kwa kikombe. Inawashukuru majirani wa Kasulo kwa kuchimba kaburi, kuleta ndizi na kuni, na kukesha nasi, na haya tunayasema kwa moyo, ingawa tunajua, nanyi mnajua, ni wangapi kati yetu waliuvuka ua huu alipokuwa mzima.

Bwana Gervasi amefika leo asubuhi akasimama nyuma, na baadhi ya vijana wetu waliuliza kama aruhusiwe. Familia imeamua hivi: apite mbele, aweke udongo wake kabla ya sisi, kwa sababu aliyelala hapo kushoto alikuwa mtoto wao wote wawili, na hakuna mwingine hapa aliyebaki anayeijua sauti yake nzito kama anavyoijua yeye.

Kalista, dada yetu, lala pembeni ya mwanao upumzike. Ulikuwa sahihi, na ilipasa uambiwe hivyo ukiwa hai.